Niliiacha Weksamu Thika

Safari yangu ya Thika ilisababishwa na shati. Lilikuwa shati jeupe la rafiki yangu Kariuki, seremala wa shamba la kahawa tulilofanyia kazi wote wawili, nje kidogo ya Ruiru. Nilimpiga picha jioni moja akiwa ameketi mlangoni pa karakana yake. Picha iliporudi kutoka kuoshwa, shati lilionekana vizuri mno, hata vifungo, na juu ya kola palikuwa na giza tupu. Kariuki aliitazama, akaigeuza upande wa pili, kisha akaniuliza kwa upole, "Yona, na mimi niko wapi?"

Nawasimulia ninyi wa nyumbani Maragoli, mlionisindikiza nilipokuja huku kuendesha pampu ya maji ya shamba, maana najua mnafikiri kamera ni kamera tu. Kamera yangu ya kwanza iliitwa Weksamu. Ilikuwa ya Kiingereza, sanduku jeusi lenye ukubwa wa mkate. Unalishika tumboni, unainamisha kichwa, unachungulia kidirisha kilicho juu yake, unabonyeza, umemaliza. Haina namba za kugeuza. Jua likiwa kali inapiga picha safi. Jua likififia inapiga mashati.

Sisi tuliopenda kupiga picha pale Ruiru tulikuwa wachache, na tuligawanyika kama mashabiki wa mpira. Upande mmoja Weksamu, upande mwingine Lindaua. Hiyo Lindaua ni ya Kijerumani, inakunjwa kama pochi. Ukigusa kitufe mlango wake unafunguka na lenzi inajitokeza mbele juu ya mvukuto wa ngozi. Wenye Lindaua walizungumza juu ya lenzi zao kama watu wanaosimulia habari za ng'ombe wa mahari. Sisi wa Weksamu tulisema wanajidai, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Ndiyo maana niliposikia kwamba kuna Mkamba mmoja Thika, jina lake Mutiso, mfanyakazi wa kiwanda cha mikebe, anayetaka kubadilisha Lindaua yake kwa kamera ya sanduku, sikumwambia mtu yeyote ila Kariuki.

Nilidhani atanicheka. Badala yake aliweka randa chini.

"Ukishaipata, pitia kwetu Gitothua," akasema. "Baba amerudi."

Baba yake alikuwa mwashi wa mawe. Siku za Mau Mau, Emajensi ilipopamba moto, alichukuliwa na askari, akakaa kizuizini miaka mingi, na sasa alikuwa amerudi nyumbani kama miezi miwili. Jumapili hiyo watoto wake wote wangekuwa pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu achukuliwe, na huenda lisingetokea tena upesi, kwa sababu Jumatatu asubuhi dada yake Kariuki, Nyambura, angepanda treni na mumewe kwenda kuishi Mombasa.

"Mama anataka picha moja ya sisi sote," Kariuki akasema. "Na anataka nyuso, Yona. Mashati tunayo."

Jumamosi, baada ya kengele ya mchana, niliikabidhi pampu kwa mwenzangu, nikaifunga Weksamu nyuma ya baiskeli kwa mpira na kuondoka. Emajensi ilikuwa inaelekea mwisho wakati huo, lakini askari walikuwa bado barabarani. Kwenye kizuizi cha barabarani mmoja wao alinisimamisha, akasoma karatasi yangu, akaona mimi ni Mluhya wa pampu, akauliza sanduku lina nini. Nilipomwambia, akanyoosha kofia yake na kusubiri. Nikamwambia filamu imebaki picha moja tu. Akanipungia mkono niende zangu, na nadhani hakufurahi.

Toka Ruiru kahawa inakufuata pande zote mbili za barabara, kisha inakuacha, na kabla hujafika Juja umeingia kwenye mkonge. Malori ya magome ya miti ya miwati, ya kutengenezea ngozi, yalinipita yakielekea Thika, na kila moja liliniachia vumbi lake. Nilipofika mto Ndarugo nilikuwa nimegeuka rangi. Nilishuka kunawa. Hapo ng'ambo palikuwa na wavunja mawe wamepumzika, na mmoja wao alipoona sanduku akaniita.

"Hiyo ni kamera? Tupige basi."

Nikaona ni vizuri picha ya mwisho ya Weksamu iende kwa watu wenye jua la kutosha. Wakajipanga na nyundo zao mabegani. Nikaishika tumboni, nikainamisha kichwa ili nichungulie.

"Huyu vipi?" mwingine akawauliza wenzake kwa sauti ya chini. "Mbona anatuombea?"

Walicheka, nami nikabonyeza wakiwa katika kicheko hicho. Baadaye nilipoiona picha ile niliona meno ya kila mmoja.

Thika niliingia alasiri. Utaujua mji kwa pua kabla ya macho, maana ngozi zinazotengenezewa viatu hazina siri. Nilipita maduka ya Wahindi, nikauliza njia, nikaelekezwa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha mikebe. Mutiso alikuwa nje ananyoa ndevu kwa kioo kilichotundikwa ukutani. Ni mtu mnene, mpole, mwenye vidole kama ndizi, na nilipoviona vidole vile nilielewa nusu ya habari kabla hajaanza kuieleza.

Nusu nyingine niliipata kwa mkewe, Mbula, aliyenikaribisha kwa isyo, mahindi na maharagwe yaliyopikwa yakalainika sawasawa.

"Shemeji, kula kwanza," akasema. "Kamera hiyo usiwe na haraka nayo, hata mwenyewe hana haraka. Anatupanga ukutani, anapima miguu kwa kutembea, anageuza namba, anasahau, anarudi kutembea tena. Mtoto wangu wa mwisho hana hata picha moja aliyofungua macho. Kila mara amekwisha lala."

Mutiso hakubisha. "Nataka ya kubonyeza tu," akaniambia.

Alinifundisha hatua zote: kukisia umbali na kugeuza namba yake kwenye lenzi, kufungua tundu la mwanga zaidi kukiwa na kivuli, kuvuta kichuma kidogo cha juu, kisha kuinua kamera hadi usoni, kufunga jicho moja, na kulenga. Nilimlenga Mbula, nikamlenga kuku, nikalenga moshi wa kiwanda. Ilikuwa nyepesi, na kila nilichokitazama kilinijia karibu na kikiwa safi. Mutiso aliifungua na kuikunja mara ya mwisho kama mtu anayemuaga ng'ombe aliyemlea mwenyewe. Kisha akanipa. Nami nikampa sanduku langu, nikajikuta nalifuta vumbi kwa mkono wa shati kabla ya kuliachia. Tukapeana mikono. Nikapitia duka moja kununua filamu, nikatoka Thika nikiwa mtu wa Lindaua, na nilikanyaga pedali kama mtu aliyepandishwa cheo.

Gitothua nilifika jua likikaribia kutua, nikashukuru, maana siku zile haikufaa kuonekana njiani gizani. Kariuki alikuwa amekwisha fika. Mama yake alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiye wa picha," akasema. "Karibu, mwanangu. Chai iko."

Nyambura alikuwa ndani na mumewe, akikunja nguo za safari. Baba yao aliketi karibu na moto. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mikono yake imejaa makovu ya mawe, na hakuwa mzee kama nilivyotarajia. Aliniuliza kama ninatoka mbali, akaniuliza baiskeli yangu ina ugonjwa gani, maana aliisikia ikilia kutoka barabarani. Nikasema ni mnyororo. Akasema, "Basi mnyororo huo unajua kuimba," na watoto wake wote wakamtazama kwa furaha kubwa kuliko mzaha wenyewe. Nikatambua kwamba walikuwa wakihesabu kila neno analolisema.

Jumapili asubuhi, watu walipotoka kanisani, tulianza kujipanga mbele ya nyumba. Mama alivaa kitambaa kipya cha kichwa. Mabenchi yalitolewa, wajukuu wakapanguswa nyuso, Kariuki akavaa shati lile jeupe kwa makusudi kunichokoza. Baba alitoka na koti lake, akaketi katikati, Nyambura upande wa kulia. Nilipima umbali kwa kutembea, nikageuza namba, nikavuta kichuma. Nilijiona fundi. Nikainua Lindaua usoni, nikafunga jicho moja, nikamweka baba yao katikati ya kidirisha.

Uso wake ulifungwa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Mtu aliyekuwa akimnong'oneza Nyambura kitu dakika hiyo hiyo ni kama aliondoka, likabaki koti. Kisha akasimama, akaenda nyuma ya nyumba.

Mtoto mmoja akauliza kama tumemaliza. Mama akakaa akitazama nafasi iliyobaki wazi kwenye benchi, kitambaa chake kipya kimenyooka kichwani.

"Mfuate wewe," Kariuki akaniambia. "Sisi akituona ataona aibu."

Nilimkuta ameketi juu ya rundo la mawe aliyokuwa anayachonga. Nilianza kuomba radhi bila kujua kosa langu. Akatikisa kichwa.

"Si wewe," akasema. "Kule walitusimamisha ukutani, kila mtu na ubao wa namba kifuani. Mwenye kamera alifunga jicho moja, hivi. Na siku waliyonikamata, mwingine alifunga jicho moja vilevile, na yeye hakuwa ameshika kamera." Akaokota jiwe dogo, akalipindua. "Picha naitaka. Mama yao hajaniomba kitu kingine tangu nirudi. Lakini nikiona hivyo, miguu inainuka yenyewe."

Nikaketi kando yake. Nilifikiri kuishika Lindaua tumboni na kubonyeza bila kuchungulia, lakini familia ile ilikuwa kubwa, na kuwakata vichwa kungekuwa ni kurudia yale ya Kariuki. Mwishowe nikasema, "Ninayo kamera nyingine, mzee. Yaani nilikuwa nayo. Hiyo hailengi mtu. Unaiinamia."

"Iko wapi?"

"Nimeiacha Thika. Jana."

Alinitazama, akacheka, kicheko cha kifuani, kifupi. "Basi nenda kaichukue," akasema. "Mimi siendi popote. Siku hizi ndiyo kazi yangu."

Barabara ya Thika, mara hii, sikuiona. Nakumbuka mnyororo ukiimba na jua likiwa limesimama juu kabisa, na mimi nikijua kwamba Weksamu bila jua haina maana. Nilimkuta Mutiso nyumbani, ametoka kanisani, sanduku liko tumboni pake, watoto wote wamejipanga, wote macho wazi. Aliponiona akalikumbatia.

"Hapana, ndugu yangu," akasema kabla sijashuka. "Tulipeana mikono."

"Sikuja kurudisha."

"Kila mtu husema hivyo. Ile nyingine imekushinda, nilijua itakushinda, lakini hii sasa ni yangu."

Ilinibidi ninywe maji kwanza. Kisha nikawaeleza yote, kuanzia benchi hadi rundo la mawe. Mutiso alisikiliza akiwa bado amelikumbatia sanduku. Nilipofika kwenye jicho moja aliacha kulikumbatia, akaanza kutafuta kofia yake.

"Nenda naye," Mbula akamwambia, ingawa alikuwa amekwisha simama. "Na usitembee kupima chochote."

Kutoka Thika hadi Gitothua na Mutiso ni safari nyingine kabisa. Mtu mnene hapandi mlima juu ya baiskeli, anaisukuma, na kila kilima alikipa wimbo mzima wa kanisa. Mimi nilitazama nyuma, nikatazama jua, nikatazama nyuma. Pale Juja wingu lilikuja likakaa juu yetu, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama wa watu. Tulipovuka kahawa ya kwanza wingu likaondoka.

Gitothua tulifika kivuli cha nyumba kimeshaujaza ua wote. Mabenchi yalikuwa pale pale tulipoyaacha, ndani ya kivuli. Mutiso alichungulia kidirisha akatikisa kichwa. Nikaonyesha shamba la viazi lililovunwa ng'ambo ya njia, ambako jua lilikuwa bado limelala. Baba yao hakungoja kuombwa. Alijitwika benchi moja, Kariuki la pili, wajukuu wakabeba vigoda, na familia nzima ikavuka njia kwa maandamano, Nyambura akiwa ameinua gauni lisishike udongo. Majirani waliokuwa wakipita walisimama kutazama, na mama akawaambia, "Tunahamia Mombasa sote."

Wakaketi. Mutiso alisogea mbele yao, akavua kofia, akashika sanduku tumboni, akainama kabisa, upara wake ukawaelekea. Nilikuwa kando nimeshika Lindaua yangu iliyokunjwa, sina kazi. Nilimtazama baba. Mikono yake ilikuwa imeyabana magoti. Kisha akautazama upara ule, ukiwa umeinamishwa mbele yake kwa unyenyekevu, unang'aa jasho la vilima vya njia nzima, na nikaona vidole vyake vikilegea kimoja kimoja.

"Huyu anatuamkia au anatupiga picha?" akamuuliza mkewe.

"Bado hajaanza?" mama akauliza.

"Nimemaliza," Mutiso akasema, akainuka. "Naweza kurudia mkitaka."

Walitaka. Alirudia hadi filamu ikaisha.

Kabla hatujarudisha mabenchi, baba alinijia. Alinyoosha mkono, nikampa Lindaua. Aliipindua kama alivyopindua lile jiwe. Nikamwonyesha kitufe, mlango ukafunguka, lenzi ikajitokeza, akarudisha kichwa nyuma kidogo, kisha akakirudisha mbele. Aliinua kamera usoni akafunga jicho. Aliitazama nyumba yake. Aliwatazama watoto wake wakivuka njia. Kisha akageuka na kunitazama mimi.

Mimi nimewapiga picha watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kunipiga. Mikono yangu ilinishinda. Niliiweka mfukoni, nikaitoa. Sikuona uso wake, niliona lenzi na taya lisilocheka, na kwa muda mfupi, katikati ya shamba la viazi, miongoni mwa watu walionipa chai, nilitamani kukimbia.

"Simama wima," akasema. "Usicheke."

Akabonyeza. Akanirudishia kamera, akanipiga bega. "Upande huu ni rahisi," akasema, akaenda kubeba benchi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye pampu yangu kabla ya kengele. Treni ya Nyambura iliondoka bila picha, lakini Mutiso aliosha filamu kule Thika juma lile lile na nakala moja ikamfuata Mombasa. Katika picha ile kila mtu ana sura. Baba anatazama chini kidogo kuliko wengine, mdomo uko njiani kuelekea kwenye tabasamu, na mama ndiye pekee aliyefumba macho. Amekataa kuibadilisha na nyingine. Anasema alikuwa anashukuru.

Wenzangu wa Weksamu walijua nimehama, wakanitania wiki nzima. Wa Lindaua wakanikaribisha, nami huenda nikawaudhi, kwa sababu siwezi tena kusema kamera ipi ni bora mpaka nijue inamtazama nani. Lindaua bado ninayo na ninaipenda. Ila siku hizi siiinui mara moja. Naketi kwanza na mtu, naizungumzia ikiwa magotini, nampa aishike akitaka, na wengine wakishaishika wananiambia niache tu, nami naacha.

Nawatumia picha aliyonipiga baba yake Kariuki. Imeinama upande, nusu yake ni baiskeli, na macho yangu yamenitoka. Mama yangu ataiona na kuuliza nilikuwa naogopa nini. Mwambieni hapakuwa na kitu. Palikuwa na mtu mmoja mwema, ananitazama.